Ngege wa Doha: nilivyomshuku jamaa anayevua samaki wa ziwa kwenye nchi isiyo na ziwa

Wakuu, salamu zenu, mlio nyumbani na sisi tulio huku kwenye joto.

Nimesoma nyuzi za watu humu miaka na miaka bila kuandika hata mstari mmoja. Leo zamu yangu. Nitakachosema nimekiona kwa macho yangu na sijaongeza chumvi. Majina nimebadilisha, na kuna mahali pamoja sitapataja kabisa. Mkifika huko mtaelewa.

Naandika nikiwa parking huku The Pearl. Madam ameingia saluni, na wanaojua kazi ya udereva wa nyumbani wanajua saluni ni safari ndefu. Kwa hivyo nikikatiza ghafla mjue ametoka.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni mtu wa Mbita, Homa Bay. Baba yangu alikuwa mvuvi wa mbuta, wale wengine wenu mnawaita sangara. Nimekulia majini. Nilipokuja Qatar, kitu nilichokosa zaidi si ugali, maana unga unapatikana. Nilikosa samaki wa maji baridi, yule anayevuliwa asubuhi na mchana yuko kwenye sufuria.

Pili, mimi ni mtu wa kushuku. Mke wangu huniita CID. Ukinipa zawadi naigeuza kwanza nione chini kuna nini. Ukinisalimu kwa furaha sana najiuliza unataka nini. Sijivunii, lakini ndivyo nilivyo.

Sasa twende.

Siku yangu ya off ni Ijumaa. Wenzangu wengine wanalala, wengine wako kanisani, mimi nabeba mshipi naelekea baharini.

Kwa mlioko Doha na mnataka kujaribu, sikilizeni bure. Usivue penye kibao cha kukataza, maana huku faini haina mjadala. Tafuta mahali penye mawe, fika maji yakianza kujaa. Chambo ni kamba mbichi au kipande cha ngisi. Hamour, yule chewa wa pwani yetu, anakaa chini kwenye mawe, na tabia yake ni ile ile ya mbuta: tamaa. Akibeba chambo mvute hapo hapo, ukimlegezea anaingia pangoni na mshipi unakatika. Safi, ambaye watu wa Mombasa wanamwita tasi, huyo mdomo wake ni mdogo. Mfinyangie mkate, tumia ndoano ndogo. Na usimshike ovyo mgongoni, miba yake ina sumu. Mimi niliwahi kulia kama mtoto mbele ya Wafilipino.

Samaki wa bahari ni mtamu, sikatai. Lakini mtu wa ziwa akila samaki wa bahari ni kama amekula kwa jirani. Anashiba, anashukuru, anarudi kwake.

Sasa kuna villa moja huko Muaither, imegawanywa vyumba vyumba, wanaishi Wakenya na Waganda. Katikati kuna ua wenye kivuli cha bati. Ijumaa mchana watu wanakutana hapo baada ya kanisa, wanapika, wanapiga domo. Wenye chumba kikubwa ni dada mmoja nesi, tumwite Millicent, na mume wake Collins, kijana wa IT. Millicent ni wa kwetu, Homa Bay. Huyo dada ndiye aliyekuwa anatushikilia sote pale. Ukiugua anakuja. Ukifiwa anakuja. Ukiwa na ubishi anakunyamazisha.

Basi Ijumaa moja akaja Mganda mmoja, Ssali, anafanya security. Zamani alikuwa analinda hoteli West Bay, halafu kampuni yao ikamhamishia site fulani nje ya mji, jangwani, mbele ya Muaither. Alikuja na cooler box kubwa ya barafu ameibeba begani. Akaiweka chini, akafungua kifuniko.

Ngege.

Wakuu, ngege ndiye wengine wenu mnamwita sato, na huyu si wa supermarket aliyeganda kama mbao. Ngege mbichi, macho maangavu, mashavu mekundu ndani, mkia unateleza. Wajaluo tuliokuwepo tulisimama. Waganda nao wakasimama, maana kwao ni engege, jina karibu lile lile. Kuna jamaa alianza kucheza.

Mimi sikucheza. Mimi nilijiuliza, nchi hii haina mto. Haina ziwa. Mvua yenyewe ni habari. Huyu mtu amevua ngege asubuhi ya leo wapi?

Nikamuuliza. Akacheka, akasema kuna mazraa, yaani shamba, la Mqatari mmoja, wana matangi ya samaki, rafiki yake anafanya kazi huko.

Jibu lilikuwa zuri, kwa sababu kweli kuna mashamba huku yanafuga samaki. Wote wakaridhika. Mimi nikaomba kisu, nikasema nitasaidia kupaa samaki.

Nilichokiona kilinikosesha raha. Samaki wa kufugwa kwenye tangi moja wanalingana, kwa sababu wamewekwa pamoja wakiwa vifaranga. Hawa walikuwa kila mtu na saizi yake. Mmoja nilipomfungua mdomo nikakuta amebeba mayai, vile mama ngege anavyofanya akiwa kwenye maji ya wazi. Halafu kila mmoja alikuwa na tundu kwenye mdomo, tundu la ndoano. Wakuu, nani anakwenda kuvua tangi kwa ndoano? Samaki wa tangi anachotwa kwa wavu kama unavyochota maharagwe.

Nikaamua kichwani mwangu: huyu ni mwizi. Anaingia kwenye shamba la mtu na mshipi, anaiba, anatulisha. Siku akikamatwa, sote tuliokula tutaitwa.

Samaki wenyewe nilikula. Nisiwadanganye. Nilikula na nikalamba vidole, huku namshuku.

Aliendelea kuleta, wiki hii analeta, wiki ile hana. Watu wakawa wanampenda kupita kiasi. Nami kadiri walivyompenda ndivyo nilivyozidi kuwashwa. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikaandika kwenye group letu la WhatsApp: "Tujiulize samaki wanatoka wapi kabla polisi hawajatuuliza."

Aah, wakuu. Group liliwaka moto. Mganda mmoja akaniuliza kama mimi ndiye polisi. Mwingine akasema nina wivu kwa sababu hamour wangu hawana soko tena. Millicent alinipigia simu akanikanya kidada. Akasema, "Ouma, mtu amewaletea watu chakula cha kwao, wewe unamletea polisi." Nikaomba msamaha kwenye group, ule msamaha wa shingo upande.

Cha ajabu, Ssali mwenyewe hakukasirika. Alinipigia kwa upole, akasema Ijumaa asubuhi nifike anionyeshe kwa macho yangu, lakini kwanza niape sitamwambia mtu mahali penyewe, kwa sababu ndipo anapolinda na anaweza kufukuzwa kazi. Nikaapa.

Hata hapo nilishuku. Kwa nini mtu niliyemtukana mbele ya watu ananiita jangwani? Nilimtumia mke wangu location, nikamwambia akisikia kimya aanze kuuliza. Akanijibu kwa kicheko tu.

Boss wangu huniruhusu kutumia gari la zamani siku ya off. Nikamchukua Ssali Muaither, tukaenda mpaka nyumba zikaisha, ikabaki ardhi ya kokoto na nguzo za umeme. Tukaacha lami. Tukapanda kilima kidogo cha mchanga.

Halafu nikaona matete.

Nilisimamisha gari bila kuambiwa. Mbele yetu kulikuwa na maji, wakuu. Maji mapana, ya kijani kijani, yamezungukwa na matete marefu kuliko mtu. Ndege weupe, heroe wa waridi wamesimama kwa mguu mmoja, na ile harufu ya tope bichi ambayo sijainusa tangu niondoke kwetu. Samaki walikuwa wanaruka pembeni, ploop, ploop.  Nilifurahi, na Ssali akaniacha tu nikae na furaha yangu.

Tukavua. Ngege si mbuta, hapigi chambo kwa fujo. Unatumia ndoano ndogo kabisa, boya jepesi, sisi tulitumia kipande cha kizibo, na khubz, mkate wa Kiarabu, iliyofinyangwa na mate kidogo. Usitupe mbali, ngege anakula pembeni karibu na matete. Boya likitikisika usivute, anaonja. Likizama kidogo usivute, anacheza. Likianza kutembea kando, kama mtu anayeondoka bila kuaga, hapo vuta. Nilimpata wa kwanza, nikamshika mkononi, nikamwita kwa Kijaluo kama mtu niliyemkosa.

Dakika hizo nilimpenda Ssali. Nasema ukweli.

Lakini CID ni CID. Nilipotulia nikaanza kuuliza maswali. Mto unaoingiza maji hapa uko wapi? Ziwa halijitengenezi. Nikamwambia Ssali naenda haja ndogo, nikafuata ukingo wa maji. Nikapita matete, nikasikia maji yanamwagika.

Lilikuwa bomba. Bomba pana ambalo mtu mzima angeweza kuingia akiinama. Maji yanatoka na povu, na harufu si ya tope tena. Ni harufu ya sabuni na kitu kingine chini yake. Juu kulikuwa na uzio na kibao, Kiarabu na Kiingereza. Kinasema haya ni maji yaliyosafishwa ya kumwagilia, yasinywewe, watu wasiogelee, wasivue.

Kwa lugha nyepesi, wakuu, ni maji ya vyoo na mabafu ya mji. Yanasafishwa, yanawekwa pale, mengine yanakwenda kumwagilia miti.

Nilirudi nikamkabili. Hakushtuka. Alijua. Akaniambia, "Mzee, hii maji wamesafisha. Miti inakunywa, haikufa. Ndege inakunywa. Samaki iko hai, inazaa. Mimi nakula tangu nilikuja hapa. Sasa shida ni nini?"

 Kusema kweli sikuwa na jibu, na hata leo sina la uhakika. Mimi si mtu wa maabara. Ila nilijua kwa nini Ssali hakushtuka, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimevua asubuhi nzima bila kuuliza. Mtu wa mjini akikuta maji jangwani anauliza nani ameyaweka. Sisi watu wa ziwa tukiona matete, ndege na samaki anaruka, tunajua haya ni maji ya Mungu, na maji ya Mungu hayaulizwi. Tunatoa ndoano.

Wangu niliwarudisha majini. Ssali wake hakurudisha. Nilimwambia asilishe watu tena mpaka tujue. Akasema amenisikia. Nilimwangalia nikaona hajanisikia.

Na mimi nilikuwa nimeapa. Basi nikanyamaza. Ijumaa zilizofuata nikienda villa nasema nina vidonda vya tumbo, nakula sukuma na ugali tu.

Ngoja, Madam huyo anatoka.

...

Nimerudi. Samahanini wakuu, tulipitia kwa dada yake, na kwa dada yake kuna kahawa na tende na hadithi. Naona kuna watu washaanza kuuliza location. Nimesema sitaji. Tuendelee.

Wakati huo Millicent alikuwa na mimba, mimba kubwa tayari. Ilikuwa ya kwanza baada ya kuharibika nyingine mbili, na villa nzima tulijua. Tulikuwa tunamchunga kama yai.

Basi akafiwa na mama yake. Ghafla, huko Homa Bay.

Daktari akamkatalia kusafiri na ndege nazo hazikumkubali kwa mimba ile. Alilia mpaka sauti ikaisha. Mtoto wa kwanza wa kike, na hatamzika mama yake. Ndugu zake wakapanga mazishi yawe Ijumaa ili sisi wa huku tuwe off, tukae naye, tutazame pamoja kwenye simu.

Tangu apate habari alikuwa hali. Collins alitwambia anakunywa chai tu, na nesi wenzake walishaanza kumgombeza kwa ajili ya mtoto. Halafu siku moja kabla ya mazishi akasema kitu kimoja: baada ya mama kuzikwa angekula ngege wa kuchemshwa na maziwa, vile mama yake alivyokuwa anapika.

Collins akaandika kwenye group. Aliyejibu wa kwanza ni Ssali. Akasema samaki waachiwe yeye, na akaweka mioyo.

Nilisoma ule ujumbe nikiwa namngoja mtoto wa boss shuleni. Nikampigia Ssali. Hapokei. Nikamwandikia: "Si huyu. Mwingine yeyote, si huyu." Akasoma. Hakujibu.

Hapo nikasema huyu mtu ni mbaya. Anajua, na bado. Anataka sifa tu, anataka aonekane ndiye aliyemlisha Millicent siku ya msiba. Nilimfikiria mabaya yote mnayoyajua.

Ijumaa nikadamka nikaenda kwenye mawe yangu baharini. Nikasema nikipata kitu cha maana nitaweza kubadilisha chakula bila kelele. Nilipata hamour mmoja mzuri. Lakini bahari ilinichelewesha, nikafika Muaither mazishi yakiwa yanaisha kwenye simu. Ukumbi umejaa watu, wanaimba taratibu, Millicent ameketi chini ameegemea ukuta, mkono juu ya tumbo.

Na uani sufuria iko motoni tayari. Mama Tony, mama wa Kisii anayefanya kazi ya usafi hospitali, ndiye alikuwa anasimamia. Nyanya zimeiva, maziwa yametiwa. Harufu yake, wakuu, ilikuwa ya kwa mama yangu.

Nikamvuta Ssali kando, nikamuuliza kama hakusoma ujumbe. Akasema alisoma. Macho yake hayakutulia. Akaniambia, "Nimechemsha sana, mzee. Leo si siku ya hii mambo. Acha dada akule."

Kwa kabila zetu zote zilizokuwa pale, chakula cha msiba hakikataliwi. Mfiwa hapiki, anapikiwa, na atakachoandaliwa ndicho anachokula. Aliyekileta hasemwi. Ukisimama kwenye matanga ukakitia chakula doa, umewatukana walio hai na aliyelala. Mimi nilijua hivyo tangu utoto.

Nikawa nimesimama pale na mfuko wa hamour mkononi. Nikisema, nimevunja kiapo, Ssali anapoteza kazi, na mimi ndiye niliyeharibu msiba wa dada yetu. Nisiposema, na mtoto akapata tatizo, nitamwangalia Millicent kwa macho gani? Na huenda ni samaki wazuri tu, hawana neno. Hicho ndicho kilikuwa kinanitesa zaidi, kwamba sikujua. Hakuna aliyejua.

Collins akatoka na sahani. Mama Tony akapakua, mchuzi mweupe, samaki mzima juu. Collins akageuka kuingia ndani.

Nikasema, "Collins, usimpe hiyo."

Watu wakageuka. Nikasema hawa samaki hawafai kwa mama mwenye mimba, mimi najua wanakotoka. Wakaniuliza wanatoka wapi. Nikamwangalia Ssali. Nilikuwa nimeapa. Nikabaki nasema tu niaminini, niaminini.

Mama Tony akaweka upawa chini. Akasema, "Ouma, hata leo? Juzi ulisema ni wa wizi. Leo wana ugonjwa. Kesho utasema wana majini."

Kuna waliocheka kidogo, wengine wakafyonza. Jamaa mmoja akanishika mkono akaniambia kwa heshima nitoke nje nipunge upepo. Na sikuwalaumu. Ningekuwa wao ningenitoa pia. Maneno yangu ya kwenye group yalikuwa bado yako kwenye simu zao.

Collins alikuwa bado ameshika sahani, hajui aende mbele au arudi.

Hapo Millicent akatokea mlangoni. Alikuwa amesikia. Amejifunga leso, macho yamevimba, mkono mmoja kiunoni. Hakuniangalia mimi hata kidogo. Alimwangalia Ssali.

Akamwambia polepole, "Ssali, mama yangu ameshafukiwa. Nina njaa. Wewe ndiye umeleta, niambie wewe. Nile?"

Wakuu, mnielewe hali ilivyokuwa. Huyu jamaa alikuwa ameshinda. Wote wako upande wake. Mimi nimeshikwa mkono natolewa nje. Alihitaji kusema neno moja tu, "kula," na mambo yamekwisha, na angebaki yule mtu mzuri aliyeleta samaki. Mimi nilikuwa nasubiri hilo neno. Ningeweka rehani chochote kwamba angelisema.

Ssali aliliangalia tumbo la Millicent.

Akasema, "Usikule, dada."

Halafu akawaambia wote. Bomba, kibao, maji yanakotoka. Akasema anavua akiwa kwenye lindo, na kwamba mimi nilimkataza zamani na jana yake nikamkataza tena, yeye akajiambia haina shida kwa sababu yeye mwenyewe hajaugua. Alisema hayo mbele ya watu ambao baadhi yao ni wa kampuni yake, mmoja wao ni supervisor. Hakuna aliyemlazimisha. Akamaliza, akachukua sahani mikononi mwa Collins, akakirudisha chakula kwenye sufuria, akaibeba sufuria nzima kwa vitambaa na kwenda kuimwaga.

 Mama Tony alikaa kwenye ndoo. Ukiwaangalia watu usoni unaona kila mtu anakumbuka Ijumaa alizokula. Hata Millicent mwenyewe alikuwa amekula, miezi ya mwanzo.

Baadaye kidogo Mama Tony akainuka, akanipokonya mfuko bila kuniangalia. Akampaa yule hamour, akampika na nyanya na maziwa yaliyobaki. Alipopelekewa, Millicent alionja, akatafuna polepole.

"Hii si ya mama," akasema. Akaendelea kula, machozi yakimshuka, mpaka akabakisha mifupa.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, amepewa jina la nyanya yake. Mimi sikuamini mpaka nilipokwenda kumwona, nikamgeuza nikamkagua vidole vyote. Millicent akaniambia nikimaliza ukaguzi nimrudishie mtoto wake.

Ssali je? Nilikaa nikingoja asikike amefukuzwa. Nilianza kuwashuku wote waliokuwepo siku ile, hasa yule supervisor. Kumbe yule supervisor alichofanya ni kumtafutia nafasi akarudishwa hoteli mjini, kimya kimya. Hata huyo nilimkosea.

Sasa watu wa villa wananiita shujaa. Wanasema CID alijua. Kila nikiingia kuna mtu anasimulia upya na kuniongezea maneno ambayo sikusema. Nawaacha tu, lakini nikirudi kitandani jina hilo haliniingii. Mimi nilijua maji. Mtu niliyekuwa nakaa naye miezi yote ile, nikamchunguza mpaka midomo ya samaki wake, sikumjua. Siku ile kama dada angeniuliza mimi, asingeniamini, angekula. Aliokolewa na mtu niliyeapa kichwani mwangu kwamba ni mbaya.

Ninachowaachia ni hiki. Mlioko ugenini, ukila kitu cha kwenu mahali ambapo hakipaswi kuwepo, uliza kimetoka wapi kabla ya kufumba macho kwa utamu. Na ukiwa na shaka na mtu, mfuate umuulize ana kwa ana, usimwandikie kwenye group. Shaka yangu niliitumia vibaya mapema, siku niliyoihitaji haikuwa na thamani tena.

Ssali tunavua naye siku hizi, baharini. Hamour bado anamshinda, analegeza mshipi kila mara. Namfundisha.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe ungekuwa mimi, umeapa, na sahani inapita mbele yako, ungefanya nini? Na wanaojua mambo ya maji yaliyosafishwa watuambie ukweli, maana sisi tulikula. Wa kunitukana pia karibuni, nimezoea.